Kware si Ndege

Darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiswahili aliuliza kware ni nini. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Shimo!" Akatingisha kichwa, akasema kware ni ndege wa porini, jamaa ya kuku, na yuko kwenye kamusi. Tulimwangalia tu. Huyo mwalimu alikuwa anakuja na matatu kila asubuhi, hakuwa mtu wa huku. Huku Kayole, ukisema umetoka kware, mama hakuulizi umeshika ndege wangapi. Anakuuliza kama umeogelea tena, na mkono wake uko karibu na mwiko.

Baadaye, 2013 na 2014, nchi nzima ilipochizi na biashara ya mayai ya kware, ndipo niliamini huyo ndege yuko. Biashara ikaanguka, ndege akasahaulika, shimo likabaki. Kware yetu ni neno la Kizungu la machimbo ya mawe, limetafunwa mtaani mpaka likalainika. Na limeshika kweli. Kuna wadi nzima Embakasi Kusini inaitwa Kware, iko kwenye vitabu vya IEBC na ina MCA wake. Rongai kuna Kware nyingine. Yaani mitaa yenye maelfu ya watu imepewa jina la shimo na hakuna mtu anashtuka.

Tulishtuka Julai 2024. Wiki chache tu baada ya maandamano ya Juni, kwenye shimo la mawe lililoachwa pale Kware, Mukuru kwa Njenga, likiwa limejaa maji na takataka, miili ya wanawake ilianza kutolewa, imefungwa kwenye magunia. Ni watu wa mtaa walioingia kwenye ile taka kutafuta, na kamba zao, huku umati umesimama ukingoni umefunika pua. Kituo cha polisi kiko karibu kabisa na hapo.

Nchi nzima iliuliza nani aliwaua, na polisi walikuwa wapi. Hayo ni maswali ya haki na bado yanadai majibu, kwa sababu mshukiwa aliyekamatwa alitoroka seli mwezi uliofuata. Lakini usiku ule nilikuwa kwa mathe, tunatazama habari, na yeye hakuuliza hayo. Aliangalia lile shimo kwenye TV, akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Hata letu walisema wangelijaza."

Letu ni lile la upande wa Njiru. Mathe alivunja kokoto pale kwa miaka tisa.

Hapo ndipo nataka tuanzie. Ukimwambia Mkenya neno madini, akili yake inaruka mbali: titani ya Kwale, dhahabu ya Migori, makaa ya mawe ya Kitui, mafuta ya Turkana. Tunahurumia watu wa huko, tunaposti, tunarudi kwa shughuli zetu. Hakuna anayefikiria Embakasi. Na hii Nairobi imechimbwa. Imechimbwa sana, na imechimbwa upande mmoja.

Angalia ardhi yenyewe. Huku Eastlands juu kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaong'oa viatu Aprili ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mguu Februari. Chini yake kuna mwamba wa volkano, mgumu, wa kijivu. Huo mwamba ndio mji. Unavunjwa kuwa mawe ya msingi, unasagwa kuwa kokoto ya zege, na ule unga wake, dasti, unawekwa chini ya kabro na barabara. Mawe laini ya kuta, yale ya kukatwa na mashine, sasa yanatoka zaidi pande za Ndarugo kule Juja, lakini kokoto na mawe ya msingi yamekuwa yakitoka hapa hapa: Njiru, Mihang'o, Kayole, Embakasi. Mimi nakaa Pipeline, ghorofa ya tano, chumba kimoja ambacho jua halijawahi kukitembelea. Kila ghorofa ninayoiona kutoka juu ya paa kuna mahali ilitoka. Tunaona ghorofa kwa sababu inasimama. Shimo huoni mpaka ufike ukingoni.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza wanaondoa ule udongo mweusi. Halafu wanatoboa mwamba, wanaweka baruti, king'ora kinalia, watu wanajificha, mlipuko. Yale mawe makubwa yanaenda kwa krasha ama yanaenda kwa akina mama. Ndiyo, akina mama. Unakaa chini, miguu umenyoosha, jiwe moja kubwa mbele yako kama meza, nyundo mkono wa kulia, na mkono wa kushoto una pete ya mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu, ya kushika jiwe lisiruke. Unagonga. Unalipwa kwa debe ama kwa wilbaro, si kwa saa. Ukiumwa siku hiyo, hakuna debe. Mathe ana kovu chini ya jicho, kipande cha jiwe kiliruka. Alikuwa anatania kwamba sentimita moja juu na angekuwa ameacha kuona madeni.

Hizo kokoto zilinipeleka shule. Siwezi kuandika hii makala nikijifanya malaika. Uniformu, ile sufuria kubwa ya Krismasi, muhula wa kwanza wa koleji, vyote vilitoka shimoni. Na nilipoacha koleji mwaka wa pili kwa sababu karo ilikuwa imekuwa mlima, nilirudi pale pale kupakia malori, miezi saba. Lori linaingia, mnapanda vijana wanne na spedi, mnajaza, mnagawana. Kifua changu kilijua. Jioni unapenga kamasi ya kijivu kama saruji. Tulikuwa tunakunywa maziwa, tukiamini maziwa yanaosha vumbi. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi limekaa kwenye mapafu, hawajawahi hata kukutana, lakini hakuna mtu alituambia hivyo, na barakoa hatukupewa hata moja. Mwenye kware simtaji. Sijui kama angekumbuka hata sura zetu.

Kwa hivyo mtu akija na mabango ya "funga kware zote," mimi namuuliza kwanza: na yule mama mwenye nyundo aende wapi? Kule Karen si ndiyo wanaendelea kujenga? Watanunua kokoto kaunti nyingine, tutakuwa tumehamisha shimo tu, tukapoteza kazi juu yake. Sitaki kware zifungwe kwa hasira. Ninachotaka ni kitu kidogo na kigumu zaidi: anayechimba afunge shimo lake.

Kwa sababu shida kubwa inaanza siku mawe yanapoisha. Mashimo haya ni ya kina, na wakati wa kazi kuna pampu ya kutoa maji. Biashara ikiisha, kitu cha kwanza kuondoka ni pampu. Halafu krasha. Halafu mlinzi. Mvua inakuja, maji yanaingia, na kwa sababu chini ni mwamba na pembeni ni ule mfinyanzi, hayana mahali pa kwenda. Linakuwa ziwa. Lakini ziwa la kawaida lina ufuo, unaingia polepole, unahisi chini. Ziwa la kware limekatwa wima kama ukuta. Hatua moja uko kwenye nyasi, ya pili chini hakuna kitu.

Tulikuwa na jamaa mmoja, tulimwita kwa jina la mchezaji wa Arsenal kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Jumamosi, jua kali, mpira umeisha, sote tuna jasho, na maji yako pale, ya kijani, yametulia. Kidimbwi cha kuogelea cha kulipia kiko mbali na hatuna pesa. Aliruka wa tatu. Wa kwanza na wa pili walitoka. Tulisubiri tukidhani anatuchezea, alikuwa mtu wa mzaha. Kijana mkubwa wa carwash ndiye aliyempata, karibu saa mbili baadaye. Hakukuwa na uzio, hakukuwa na ubao, hakukuwa na hata kamba ya kukataza. Wiki mbili baadaye tulikuwa tunaogelea tena. Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua mpaka leo, si ati hatukujali, ni kwamba hatukuwa na pahali pengine.

Ukiuliza mtu yeyote aliyekulia karibu na mashimo haya, iwe Njiru, Kayole au Mihang'o, kuna uwezekano ana jina lake la kukutajia. Kila msimu wa mvua habari inarudi, aya mbili kwenye gazeti, kiongozi anasema mwenye shimo achukuliwe hatua, mvua inaisha.

Shimo lisilojaa maji linajaa taka, na mfano mkubwa wa hiyo sote tunaujua, ila tumesahau ulianza vipi. Jaa la Dandora ni kware. Mlima ule wa taka unaouona kutoka Korogocho, wenye moshi na korongo wakubwa wamesimama kama maaskari wa kanjo, chini yake kuna machimbo ya mawe yaliyoachwa. Miaka ya 1970, wakati Dandora mtaa ulikuwa unajengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, jiji lilikuwa linatafuta mahali pa kutupa taka, na shimo lilikuwa tayari. Hesabu ilikuwa rahisi: shimo liko, watu wa pale hawana sauti, jaza. Mwaka 2001 jaa likatangazwa kuwa limejaa. Limejaa! Robo karne imeenda na malori bado yanapanda pale kila siku, na huu ni mji unaotoa zaidi ya tani 2,000 za taka kwa siku.

Mwaka 2007, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilitoa utafiti uliopima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokuwa kinakubalika kimataifa wakati huo. Risasi kwenye damu ya mtoto inagusa ubongo. Inagusa namna anavyosoma, anavyokumbuka, anavyotulia. Wale watoto sasa ni rika letu. Wengine ni wakubwa kuliko mimi, wana watoto wao. Kila wakati mtu akiandika Twitter kwamba vijana wa Eastlands ni wajinga ama ni wakali, mimi nakumbuka hiyo karatasi ya UNEP na nafunga simu.

Serikali zilijaribu kulihamisha jaa kwenda Ruai. Mpango ukagonga ukuta kwa sababu wa uwanja wa ndege walipinga: taka zingevuta ndege, na ndege wangegongana na ndege. Kiswahili chetu kina utani wake. Hoja ya usalama naielewa, sitaki rubani apambane na korongo akitua JKIA. Lakini ona basi nani anasikizwa haraka. Abiria wa dirishani alilindwa na barua. Mtoto wa Dandora alisubiri mpaka Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipoagiza jaa lifungwe na lihamishwe ndani ya miezi sita. Miezi sita iliisha Januari 2022. Nenda leo uangalie. Ama usiende, vuta pumzi tu ukipita Outering upepo ukiwa umegeuka.

Sasa kuna watu wataniambia, bro, shimo la mawe ni shimo la mawe, utafanyia nini? Nawaambia waende Mombasa. Wengi wetu tulipelekwa pale na basi la shule: Haller Park, Bamburi. Twiga, viboko, makobe, samaki. Ile pia ilikuwa kware. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha miaka ya 1950, kikakwangua mawe ya chokaa ya matumbawe mpaka kukabaki uwanja mweupe, mkali, wenye maji ya chumvi chumvi chini. Mwaka 1971 jamaa mmoja Mswisi, René Haller, akaambiwa ajaribu kupanda kitu. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu ndizo zilishika, mojawapo mvinje. Majani ya mvinje yakaanguka lakini yakakataa kuoza, basi akaleta jongoo. Jongoo! Hao wadudu wa miguu mia walitafuna yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, udongo ukalea miti mingine, ndege wakaja, wanyama wakaletwa. Leo tunalipa kiingilio kuona.

Sisemi Kayole iwekwe twiga. Nasema kwamba miaka ile ile tunayoiita ya zamani, wakati Dandora ilikuwa inaandaliwa kuwa jaa, mtu mwingine kwenye nchi hii hii alikuwa anaonyesha shimo linaweza kufanywa nini. Ilitaka pesa, subira, na mwenye shimo anayejulikana kwa jina na anayepatikana ofisini. Bamburi kulikuwa na hivyo vitatu. Huku kwetu mwenye shimo ni "mzee fulani", na mzee fulani amekodisha kwa mtu mwingine, na huyo ameuza krasha akahamia Machakos.

Na akihamia Machakos, tunamfuata bila kujua, maana mchanga tunaojengea unatoka huko, Machakos, Kajiado, Makueni. Mito ya Ukambani ni ya msimu, mchanga wake ndio tangi: maji yanajificha ndani, watu wanachimba visima vifupi wanachota kiangazi chote. Ukiondoa mchanga umeondoa tangi. Makueni walichoka mpaka 2015 kaunti ikapitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kudhibiti anayeuchota, baada ya miaka ya vurugu na vifo juu ya hiyo mito. Kwa hivyo ndiyo, ghorofa yangu Pipeline imekunywa maji ya shosho wa mtu kule Makueni. Sijui nifanye nini na hiyo habari, nimekupa tu uishike nami.

Twende kwa sheria kidogo, usikimbie.

Sheria ya mazingira ya 1999, ile tunaiita EMCA, inaipa NEMA nguvu ya kumpa mtu amri ya kurejesha mazingira: umechimba, rudisha. Sheria ya Madini ya 2016 inazungumzia dhamana ya mazingira, yaani pesa unayoweka kabla hujachimba, ili ukitoroka, shimo lishughulikiwe na pesa yako. Sheria hiyo hiyo inasema mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi pale. Watu wa Kwale wamepigania hiyo kumi yao kwa miaka, na mgodi wa titani wenyewe ulisimamisha uchimbaji Desemba 2024. Sasa niambie, wewe wa Njiru, umewahi kusikia mkutano hata mmoja wa kuuliza kumi yetu iko wapi? Mimi sijawahi. Hatujioni kama jamii ya mgodi. Tunajiona kama watu wanaokaa karibu na kware.

Na Katiba. Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Hicho wengi wanakijua, kiko kwenye tisheti. Lakini soma cha 70, hicho ndicho chenye meno. Kinasema unaweza kwenda kortini ukiona haki hiyo inavunjwa ama iko hatarini, na hulazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu tayari ameumia. Rudia hiyo sentensi. Hatuhitaji mtoto azame kwanza. Hatuhitaji magunia.

Najua utasema korti zinachukua muda, na si uongo. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, walishinda kesi 2020, wakatunukiwa shilingi bilioni 1.3, wakapokonywa ushindi kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Kuna waliokufa wakisubiri. Lakini ona walianza vipi: mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kwenye kiwanda chenyewe, alipimwa mtoto wake akaonekana ana risasi kwenye damu. Alikuwa mfanyakazi, mama, mtu wa pale. Hakuwa wakili.

Mimi nikiambiwa niseme ninachotaka, si vitu vya ajabu. Kila kware Nairobi iwe na ubao langoni: nani anachimba, leseni namba gani, inaisha lini, na dhamana ya kujaza iko wapi. Ubao tu, kama ule wa mjengo. Lile lililoachwa liwekewe uzio kabla ya Machi, mvua haisubiri zabuni. Vifusi vya nyumba zinazobomolewa kila siku, badala ya kumwagwa usiku kando ya mto, viende kule vijaze, kwa utaratibu, na udongo juu, na miti. Kuna vijana elfu wa kupanda hiyo miti kwa posho ya siku. Na wale mama wa nyundo wapewe miwani. Miwani ya plastiki, jameni.

Na sisi pia tuna letu. Kware ya Mukuru haikujazwa taka na jitu kutoka nje. Ni mimi, ni wewe, ni yule kijana wa mkokoteni tunayempa hamsini atuondolee mfuko, na hatuulizi anaupeleka wapi. Landilodi ananunua kokoto za bei nafuu na haulizi zimetoka shimo gani. Tulizoea shimo kuwa mahali pa kutupia kitu usichotaka kukiona tena, na siku moja mtu akaja na gunia, na hata kama kuna aliyemwona, gunia lake lilifanana na magunia mengine yote.

Jumapili iliyopita nilimpeleka mathe Njiru, alitaka kuona rafiki yake wa zamani wa nyundo. Tulipita kando ya shimo letu. Nusu yake bado ni maji, watoto wawili walikuwa wanavua na chandarua. Nusu nyingine imejazwa, imesawazishwa na greda, na kuna ubao mpya, rangi haijakauka vizuri: ploti zinauzwa, hati tayari, lipa polepole. Mathe alisimama akausoma wote mpaka namba ya simu. Halafu akaniuliza kama najua wamelijaza na nini.